Umejibu 48 au 46?

  Fungueni karatasi zenu za somo, tuanze.

Leo hatuzungumzi habari za wafalme wala za vita. Tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi wenu mmelisikia kwa masikio yenu wenyewe. Ukipita karibu na shule ya sekondari mwezi wa Novemba, siku ile watoto wa kidato cha nne wanapofanya mtihani wa elimu ya viumbe, yaani baiolojia, simama kidogo ungoje mlango ufunguliwe. Watatoka kimya hatua tano au sita. Kisha mmoja atauliza, "Swali la nne umejibu nini?" Mwenzake atasema, "B." "B? Mbona mimi nimeandika D?" Hapo watakusanyika chini ya mti, na mabishano yataanza. Yuko atakayecheka, yuko atakayehesabu kwa vidole alama alizopoteza, na yuko atakayekwenda zake peke yake asitake kusikia neno.

Mimi nimesimamia mitihani, na mazungumzo hayo nimeyasikia mara nyingi. Wazee wengine huwakemea watoto wakisema kalamu imekwisha wekwa chini, yaliyopita yamepita. Lakini mimi sioni kwamba ni upuzi. Ndani ya mabishano hayo mna swali kubwa, nalo ni hili: jibu sahihi ni lipi, na ni nani aliyesema kwamba ndilo sahihi? Swali hilo lina historia yake, nayo ndiyo somo letu la leo.

Kwanza fikiri hivi. Ili watoto wawili waweze kulinganisha majibu, hapana budi wawe wameulizwa swali moja. Hapo zamani, katika nchi nyingi, halikuwa jambo la kawaida. Mwanafunzi alitahiniwa kwa mdomo, akisimama mbele ya mwalimu au mbele ya wageni waliokuja kuikagua shule. Huyu aliulizwa hili, na yule akaulizwa lile. Wakitoka nje hawakuwa na cha kulinganisha, ila kusema tu, "Langu lilikuwa gumu kuliko lako."

Katika mji wa Boston, nchi ya Marekani, desturi hiyo ilivunjwa mwaka 1845. Kamati ya shule ilichapisha maswali kwenye karatasi, wajumbe wakaenda mashuleni bila kutoa habari, wakawapa wanafunzi zaidi ya 500 maswali yale yale, na saa moja ya kuandika kwa kila somo. Mtu aliyeutetea sana mpango huo alikuwa Horace Mann, katibu wa elimu wa jimbo la Massachusetts. Hoja yake ilikuwa nyepesi kufahamika: mmoja akiulizwa swali jepesi na mwingine gumu, hakuna awezaye kusema kwa haki nani amemshinda mwenzake. Matokeo yalikuwa mabaya, na walimu walikasirika sana. Lakini kwa somo letu yako mengine ya kuangalia. Watahini wale walikwenda mbio kutoka shule moja hadi nyingine, maana walichelea kwamba watoto waliokwisha kutahiniwa wangewaambia wenzao maswali. Basi mtihani mmoja kwa wote, na mazungumzo ya mlangoni, vilizaliwa siku moja kama mapacha.

Miaka 13 baadaye Chuo Kikuu cha Cambridge, huko Uingereza, kiliunda halmashauri ya kuwatahini vijana wa shule zilizo nje ya chuo. Mtihani wa kwanza ulifanywa Desemba 1858 katika miji michache ya Uingereza. Ulikuwa wa wavulana tu. Mwaka 1863 wanawake waliokuwa wakipigania elimu ya wasichana, wakiongozwa na Emily Davies, waliomba wasichana nao wajaribiwe kwa maswali yale yale. Wakapewa majuma sita tu ya kujiandaa. Wasichana 83 walikuja London kufanya mtihani. Katika wakubwa 40 waliokuwamo, 34 walishindwa hesabu. Watu waliowapinga walifurahi, lakini wenye akili waliona kwamba wasichana wale hawakuwa wamefundishwa hesabu vizuri. Shule zao zikaanza kuifundisha kwa bidii, na baada ya muda mfupi mtihani ukafunguliwa kwa wasichana. Kama kila upande ungeulizwa maswali yake, upungufu ule ungefichika.

Kabla miaka ya 1860 haijakwisha, karatasi za Cambridge zilikuwa zimekwisha vuka bahari hadi kisiwa cha Trinidad. Wakati wa ukoloni zikafika na kwetu Afrika ya Mashariki. Maswali yalitungwa Uingereza, yakaja yamefungwa, yakafunguliwa mbele ya wanafunzi. Majibu yalirudishwa Uingereza kusahihishwa, na matokeo yalingojwa kwa miezi. Kijana wa Tanganyika na kijana wa Kenya, ambao hawajaonana kamwe, waliweza kukutana baadaye safarini na kubishana juu ya swali lile lile. Walakini mwamuzi wa mabishano yao alikuwa ng'ambo, wala hakuna njia ya kumwuliza.

Mwaka 1967 Kenya, Uganda na Tanzania ziliunda Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Wala ninyi watu wazima hamkusahauliwa: Agosti 1975 watu wazima kwa mamilioni nchini Tanzania walitahiniwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Bila shaka nao, wakirudi nyumbani na madaftari yao, waliulizana, "Wewe umeandikaje?"

Sasa turudi kwenye yale maneno ya watoto, "B" na "D". Hayo yametoka wapi? Karibu na mwaka 1915, Frederick Kelly wa Kansas, Marekani, alitunga mtihani wa kusoma ambao kila swali lake lingekuwa na jibu moja tu, lisilobishaniwa na msahihishaji yeyote. Kutoka hapo yakaenea maswali ya kuchagua: unapewa majibu manne au matano, nawe unatia alama kwenye moja. Mwaka 1938 kampuni ya IBM ilianza kutoa mashine ya kusahihisha, iliyotokana na maarifa ya mwalimu mmoja wa sayansi, Reynold Johnson. Mwalimu huyo alikuwa ameng'amua kwamba alama ya penseli hupitisha umeme. Mashine ikapitisha umeme juu ya karatasi, na penye alama ikahesabu. Kazi ya siku nyingi ikawa ya saa chache, bila upendeleo wala uchovu.

Lakini mashine haijui baiolojia. Inajua orodha ya majibu iliyopewa, basi. Kama orodha ina kosa, mashine italirudia kosa lile mara elfu bila kuona haya.

Je, orodha inaweza kuwa na kosa? Nitawapa kisa kimoja, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike somo hili.

Mwili wako, ndugu msomaji, umejengwa kwa chembe hai ndogo sana, ambazo shuleni siku hizi huitwa seli, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Ndani ya seli mna nyuzi ndogo ziitwazo kromosomu. Ndizo zinazobeba urithi wako: kwa nini pua yako ni ya babu yako, na kwa nini vidole vyako ni vya mama yako. Nusu ya nyuzi hizo umezipata kwa baba, na nusu kwa mama. Je, ni ngapi? Mtoto wa kidato cha nne atakujibu mara moja: 46, yaani 23 za baba na 23 za mama. Lakini kama ungeuliza mwaka 1940, au mwaka 1950, jibu la vitabu lilikuwa 48.

Jibu hilo lilitoka kwa mtaalamu mmoja wa Texas, Theophilus Painter. Alikata vipande vyembamba vya viungo vya uzazi vya wanaume, akavitazama kwa darubini na kuhesabu. Mwaka 1921 aliandika kwamba katika vipande vilivyo wazi zaidi alihesabu 46, na katika vingine aliona kama 48. Hakuwa na hakika. Mwaka 1923 alikata shauri: ni 48.

Msimcheke. Chukua tambi zilizopikwa zikashikana ndani ya sufuria, ufunge kifuniko, utoboe tundu moja dogo, kisha uchungulie na kuzihesabu. Kazi yake ilikuwa kama hiyo, tena nyuzi nyingine zilikuwa zimekatwa na kisu, na uzi uliokatwa mara mbili waweza kuhesabiwa mara mbili. Painter alijitahidi kwa vyombo alivyokuwa navyo. Linalonishangaza ni yaliyofuata. Kwa zaidi ya miaka 30 wataalamu wengine walihesabu, nao wakapata 48. Kwa nini? Nadhani wewe waweza kukisia. Mtu akijua jibu kabla ya kuhesabu, hesabu yake hufuata jibu.

Mwaka 1952 mtaalamu mwingine huko Texas, T. C. Hsu, alipata bahati. Seli zilizooshwa kwa maji yenye chumvi pungufu zilivimba kama maharage yaliyolowekwa, na zile nyuzi zikatawanyika vizuri, kila moja mahali pake. Maji yale yalikuwa yamechanganywa kwa makosa. Sasa tambi zimemwagwa juu ya sinia! Unadhani alihesabu ngapi? Aliandika 48.

Halafu huko Lund, nchi ya Uswidi, watafiti wengine walichunguza seli za ini. Walihesabu wakapata 46. Wakahesabu tena, 46. Kwa kuwa hawakuweza kuziona "zote 48", wakaiweka kazi kando kwa muda. Ndugu zangu, hebu soma tena sentensi hiyo. Jibu sahihi lilikuwa mikononi mwao, mara nyingi, nao wakadhani macho yao yana kasoro.

Mtu aliyekata mzizi wa fitina alikuwa Joe Hin Tjio. Alizaliwa kisiwa cha Java mwaka 1919, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alifungwa na Wajapani. Kazi yake hasa ilikuwa mimea, si watu. Desemba 1955 alikuwa Lund, akifanya kazi pamoja na Albert Levan. Alitumia yale maji ya kuvimbisha seli, na dawa itokanayo na mmea inayozisimamisha seli wakati zinapogawanyika, kisha akazibana seli chini ya kioo zilale bapa. Akahesabu usiku. 46. Walihesabu seli zaidi ya 200, na karibu zote zilitoa hesabu hiyo hiyo. Mwaka 1956 habari ikachapishwa, na mwaka ule ule wataalamu wawili wa Uingereza, Charles Ford na John Hamerton, wakahakikisha kwa kutazama viungo vingine.

Labda utauliza, kuna hasara gani nyuzi mbili zikizidi kitabuni? Sikiliza. Mwaka 1959 huko Paris, Marthe Gautier, Jérôme Lejeune na Raymond Turpin walitangaza kwamba watoto wenye hali iitwayo Down wana kromosomu 47. Kwa muda mrefu mama za watoto hao walikuwa wakisingiziwa mambo mengi: walikula hiki, walitenda kile. Sasa ikajulikana kwamba sababu ni uzi mmoja uliozidi. Lakini ili kujua kwamba 47 ni moja zaidi, lazima kwanza ujue kwamba kawaida ni 46. Mtu aliyeshikilia 48 angeziona nyuzi hizo 47 na kusema kwamba mmoja umepungua.

Basi, tuseme, kwa mfano tu, kwamba wasichana wawili wanatoka katika chumba cha mtihani mwaka 1950. Mmoja ameandika 48. Mwingine alisahau lililo kitabuni, akaandika 46. Wanalinganisha majibu mlangoni. Wa pili analia. Matokeo yanakuja, naye amekosa kweli, maana orodha inasema 48. Je, msahihishaji amemdhulumu? Mimi sikubali kusema hivyo. Msichana yule hakuhesabu kitu, alibahatisha. Mtihani ulimwuliza yale ambayo watu wa wakati ule waliyajua, naye hakuyajua. Ila wale watafiti wa Lund, wao walikuwa wamehesabu, na kwao habari ni nyingine kabisa.

Mwaka huo huo wa 1956, mwezi wa Mei, shirika la Marekani liitwalo College Board lilifanya kwa mara ya kwanza mitihani ya kiwango cha chuo kwa watoto walio bado sekondari, na baiolojia ilikuwamo. Mitihani hiyo imekuwa mikubwa sana. Na kwa muda mrefu kanuni zake zimewakataza watoto kuyazungumza maswali ya kuchagua hata baada ya mtihani kwisha. Yale ya kuandika maelezo hutangazwa baadaye, nayo huzungumzwa kwa ruhusa.

Ukisikia hivyo utadhani ni ukali wa bure, lakini sababu yake mwenye duka ataifahamu upesi. Muuzaji akitaka kujua kama gunia la mwaka huu ni zito kuliko la mwaka jana, lazima atumie jiwe lile lile la mizani. Watunga mitihani nao huyaweka maswali kadhaa ya zamani ndani ya karatasi mpya, wapate kujua kama watoto wa mwaka huu ni hodari zaidi, au kama karatasi imekuwa nyepesi. Swali likijulikana mitaani, jiwe limemegeka. Hata hivyo watoto huzungumza. Sijasikia bado kanuni iliyoweza kuwanyamazisha vijana waliotoka katika chumba cha mtihani.

Tena iko siku mazungumzo yao yalifaa. Oktoba 1980, huko Marekani, katika mtihani mmoja wa hesabu, wanafunzi walionyeshwa maumbo mawili yenye ncha, moja lina pande tano na jingine nne. Yakigandishwa upande kwa upande, umbo jipya litakuwa na pande ngapi? Orodha ya majibu ilisema saba. Kijana mmoja wa Florida alijibu tano. Jibu lake likahesabiwa kosa. Hakukubali. Alitengeneza maumbo yenyewe kwa mikono yake, akayabandika, akamwonyesha baba yake: pande mbili za umbo hili zililingana kabisa na pande mbili za lile, zikawa kama ubao mmoja ulionyooka. Saba ikawa tano. Watunga mtihani waliletewa habari, wakatazama, wakakiri kosa. Machi 1981 ikatangazwa kwamba alama za wanafunzi wapatao 240,000 zimepandishwa.

Angalieni tofauti yake na yule msichana wa mfano wetu. Kijana huyu hakusema tu, "Jibu langu ni zuri kuliko lenu." Alileta kitu mezani, kila mtu akakishika na kukigeuza.

Sasa kazi ya vikundi. Somo lijalo kila mmoja aje na hindi moja kavu lenye punje zake, kutoka shambani au sokoni. Lishike wima, uhesabu mistari ya punje inayopanda kutoka kitakoni mpaka kichwani. Anza na mstari mmoja, utie alama ya makaa usije ukauhesabu mara mbili. Andika hesabu yako katika daftari, wala usimwonyeshe jirani. Wote mkiisha, semeni hesabu zenu kwa sauti, na mwalimu aziandike ubaoni. Tazameni kama hesabu hizo zinagawanyika kwa mbili au hazigawanyiki. Atakayepata tofauti na wenzake asifute kitu. Ampe jirani hindi lake, naye alihesabu upya bila kuambiwa hesabu ya kwanza.

Jibu silitaji leo, wala mwalimu wa kikundi hakuandikiwa. Kwa herini.